Mchora X Aliyetumwa Kuchora Duara

Saa moja kasoro asubuhi, fundi rangi anasimama mbele ya ukuta wa mama mkwe wake. Mama mkwe naye amesimama mbele ya ukuta huohuo, mgongo ameuegemeza, mikono ameitanua kidogo kama golikipa anayesubiri penalti.

Mkono wa kushoto fundi ameshika kopo la chokaa iliyochanganywa na rangi ya kijani. Mkono wa kulia ameshika brashi. Ovaroli yake ina madoa ya kila rangi ambayo watu wa mji huu wamewahi kuichagua na baadaye kuijutia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka kopo chini."

Kopo linawekwa chini.

"Na brashi."

Brashi nayo inalala chini. Hapo ndipo mazungumzo yanaweza kuanza, maana mama mkwe huyu hana desturi ya kuzungumza na mkwe mwenye silaha.

"Mama, nimekuja kwa wema."

"Mara ya kwanza ulikuja kwa nini?"

"Mara ya kwanza nilitumwa."

"Na leo?"

Fundi anakuna shingo. "Leo pia nimetumwa. Ila kwa wema."

"Kumbe wema nao una mtumaji," mama mkwe anawatangazia watu wa ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara ni kwa kinyozi. Kazi imesimama. Mteja, ambaye kichwa chake kimenyolewa nusu, amegeuziwa kiti ili naye asipitwe na mambo. Wote wawili wanatikisa vichwa kukubaliana na mama, kile kilichokamilika na kile ambacho bado.

Jambo lenyewe si la mzaha, ingawa mtaa mzima umeligeuza burudani. Duara la kijani ukutani lina maana moja: mwenye nyumba amekubali mafundi wa shirika la nyumba waingie kumtengenezea. Shirika hilo halifanyi biashara. Linapokea michango, linaezeka upya nyumba zilizochoka, linachimba mitaro, linaweka taa barabarani, na mwisho wa mtaa linamalizia jengo la vyumba vya kupanga kwa watu wa kipato cha kibarua.

Nyumba isiyo na duara, mafundi wanaipita. Mabati yatakayobaki mtaa huu yanahamia mtaa wa pili Ijumaa ya wiki inayofuata. Mvua ziko njiani. Na mabati ya mama mkwe, kwa maelezo yake mwenyewe, "yamebaki jina."

"Kitanda changu kimezunguka chumba chote kama mshale wa saa," anasema. "Kila mwaka nakisogeza nikilikimbia tone. Sasa kimefika mlangoni. Mwaka huu tone likinifuata, nalala barabarani."

Kwa hiyo bati analitaka. Anayeshindwa kumwamini ni aliyebeba kopo.

Na katika hilo ana haki zake. Mtaa mzima unamwita fundi huyu Eksi, na si jina alilopewa kwa upendo.

Miaka mingi iliyopita, kabla hajaota mvi hata moja, Eksi alikuwa kibarua wa mamlaka ya mji. Barabara pana ilikuwa inakuja, wakasema, na nyumba zilizo njiani zitaondoka. Akakabidhiwa kopo la rangi nyekundu, akaonyeshwa kuta, akaambiwa achore X.

"Nililipwa kwa siku, si kwa X," anasema, kana kwamba hilo linapunguza kitu.

Nyumba za upande wa chini zilibomolewa. Barabara ikafika katikati ya mtaa, ikasimama, na hakuna aliyepewa sababu mpaka leo. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa miongoni mwa zile zilizochorwa X na kunusurika. Wakati huo hakuwa mama mkwe wa mtu. Alikuwa mama mwenye binti, na binti ndiye aliyetoka na ndoo ya maji siku Eksi alipokuwa anamalizia mguu wa pili wa X.

"Alinimwagia yote," Eksi anakumbuka. "Halafu akanitukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia tangu niondoke shule. Nikajua huyu ni mtu wa maana."

Alirudi kesho yake kuomba radhi. Akarudi kesho kutwa kuomba radhi kwa kurudi. Mwisho akaleta posa.

Mama mkwe anaisimulia habari hiyohiyo kwa ufupi zaidi. "Alikosa nyumba, akachukua binti. Mkono mtupu hakurudi."

X yenyewe haikufutika. Mama aliipaka chokaa, ikajitokeza. Akaipaka tena, ikajitokeza na rangi ya waridi, kama inayoona aibu. "Nyekundu ina kiburi," Eksi anafafanua kwa sauti ya kitaalamu. Mpaka leo, jua likiupiga ukuta ubavuni, unaiona.

Mtu kama huyo, mtu wa kawaida angemtafutia kazi yoyote isipokuwa ya kuchora alama kwenye kuta za mtaa uleule. Shirika likamwajiri kwa kazi hiyohiyo.

"Tulitaka mtu anayeujua kila mlango," anasema mhandisi wa shirika, mwanamama mpole anayevaa buti kubwa kuliko mwili wake. "Hatukumwuliza anaujuaje."

Walipogundua, tayari alikuwa ameshachora nusu ya mtaa, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa imeshafutwa.

Kufutwa kwenyewe kumeruhusiwa. Ndiyo maana shirika linatumia chokaa wala si rangi ya mafuta. Utaratibu wao ni kwamba mwenye nyumba akighairi wakati wowote, analowesha kitambaa, anafuta. Haandiki kitu, haitwi ofisini, haulizwi kwa nini. Mafundi wakikuta ukuta mtupu, wanasema asante kimoyomoyo na kupita.

"Watu wa hapa wamewahi kuchorewa alama wasizoweza kuziondoa," mhandisi anasema. "Yetu tulitaka iondoke kwa maji."

Kinyozi hakuyakubali maelezo hayo. Kinyozi ndiye msemaji mkuu wa shaka zote za mtaa, na duka lake ndilo bunge. Kwanza alisema chini ya nyumba kuna madini. Baada ya siku chache yakawa bomba la mafuta. Sasa anashikilia kwamba maduara yanaonekana kutoka angani.

"Wanatuhesabu," anasema.

"Wanahesabu ili iweje?" mteja anauliza.

"Hiyo siri yao. Mimi kazi yangu ni kujua kwamba wanahesabu." Anapuliza nywele kwenye mashine. "Bure haipo, ndugu yangu. Hata mimi nikimnyoa mtu bure, namnyoa vibaya makusudi, asije akazoea."

Eksi anayajua yote hayo, na kinachomsumbua ni kwamba moyoni hayapingi.

"Nafanya kazi kwao," anasema, akiangalia nyuma kwanza. "Sijasema nawaamini. Hayo ni mambo mawili."

Amewahi kukwangua plasta ya shirika kwa ukucha, kuona kama ndani kuna saruji au uji. Huwa anasikiliza mhandisi anapopiga simu, na mhandisi akishusha sauti, yeye anasogea karibu na kujifanya anakoroga chokaa. Siku ya kwanza walipowapa wafanyakazi chai, alisubiri wengine wanywe.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Yeye, mke wake na watoto wao wawili wanaishi katika chumba kimoja mitaa miwili kutoka hapa, na kodi inameza karibu nusu ya anachopata.

"Mwenye nyumba akiniona na shati jipya, anapandisha," anasema. "Ndiyo maana ovaroli naivaa hadi Jumapili. Akili ya mtu aliyepanga ni lazima iwe hivyo. Ukicheka sana wanajua umepata."

Asubuhi ile ya golikipa na penalti, Eksi alirudi na kopo lake likiwa halijapungua. Mama mkwe alitoa sharti moja: aje bosi mwenyewe.

Mhandisi akaja jioni. Mama mkwe akamkaribisha kwa heshima zote, akampa kiti kizuri kuliko vyote, na kiti chenyewe akakiweka chini kabisa ya tundu kubwa la paa, pale ambapo ukiinua macho unaona mawingu yanapita.

"Mnataka nini?" akamwuliza.

Mhandisi akamwambia. Wanataka ahadi kwamba kwa miaka kumi hataiuza nyumba kwa mtu wa nje. Akitaka kuiuza, shirika ndilo litakalonunua, kwa bei ya mthamini watakayemchagua pamoja. Na vile vyumba viwili vya uani anavyopangisha, kodi yake isizidi uwezo wa mtu wa kibarua.

"Kwa hiyo ndoano ipo," mama mkwe akasema.

"Ipo. Ndiyo hiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtaa ukipendeza, wenye hela wataupenda. Watakuja na mifuko, mtauza mmoja mmoja, na baada ya miaka mitano tutakuwa tumewatengenezea nyumba watu wasioishi hapa. Tumeshawahi kufanya kosa hilo kwingine. Lilitutia aibu."

Eksi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasubiri mama mkwe awafukuze wote wawili. Badala yake mama alisimama na kwenda kuchemsha chai.

"Ungeniambia ndoano haipo, ningekutoa na hicho kiti," akasema kutoka jikoni. "Sasa nimeiona ilipo. Nitapita pembeni yake. Mume wa mwanangu, kachore."

Eksi akachora. Lakini hakufurahi.

"Tangu nioe, mama hajawahi kukubali kitu siku hiyohiyo," anaeleza. "Hata mahari alikubali baada ya kumaliza kuitumia. Nikajiuliza, kwa nini hili limekuwa rahisi? Wamemfanya nini?"

Kwa hiyo mama mkwe alilala na imani, na mkwe akalala na shaka yake. Jumatatu iliyofuata shaka hiyo ikapata chakula.

Nyumba ya kwanza kuezekwa ilikuwa ya fundi cherehani, mjane anayepakana na mama mkwe. Mafundi walikuja mapema, wakapanda, wakang'oa mabati ya zamani yote, wakayapanga vizuri barabarani. Lori la mabati mapya likafika. Mhandisi akapima bati la kwanza, akapima la pili, akavua kofia. Yalikuwa mafupi. Mwuzaji alikuwa amekosea, na lori lazima lirudi nayo mjini.

Fundi cherehani akabaki na kuta nne na anga. Wakamfunikia turubai la bluu. Akakaa chini yake akishona sare za shule huku uso wake wote umekuwa wa bluu.

"Umekuwa kama maiti wa sinema," kinyozi akamwambia kwa huruma.

"Wewe unyoe tu huo mdomo wako," fundi cherehani akajibu, hakuinua macho.

Jumanne lori halikurudi. Kinyozi alifungua duka asubuhi na mapema ingawa hakuna aliyekuwa na nywele. Mchana, nyumba tatu zilikuwa zimefuta maduara yao.

Kuna jambo ambalo Eksi alilijua kuliko wote waliokaa kwa kinyozi. Wakati ule wa barabara, ubomoaji haukuanza na kuta.

"Walianza na paa," anasema. Hapa hatanii. "Walikuwa wanasema tunatoa bati tu, kuta mtaambiwa. Ukimtolea mtu bati, hahitaji kufukuzwa. Jua linamfukuza, mvua inamfukuza. Anaondoka mwenyewe, na wewe unasema aliondoka kwa hiari. Mimi nilikuwa pale. Niliwashikia ngazi."

Alipoliona lile turubai, anasema, aliziona tena paa za wakati ule.

Jumanne hiyohiyo, saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kula, Eksi alichovya kitambaa kwenye ndoo, akavuka uchochoro, akatazama huku na huku. Mama mkwe alikuwa uani anafua, na alikuwa anaimba, jambo ambalo pia lilimtia Eksi wasiwasi. Akaweka kitambaa ukutani, akazungusha mkono mara moja.

Chokaa haikubisha. Iliondoka kama ilivyoahidiwa.

"Nilisema nimeiokoa nyumba," anasema.

Jumatano asubuhi lori likarudi na mabati ya urefu sahihi, pamoja na barua ya mwuzaji ya kuomba radhi na bati moja la bure juu yake. Kabla ya saa sita, nyumba ya fundi cherehani ilikuwa inang'aa hadi kinyozi akalazimika kushusha pazia. Mafundi wakakusanya ngazi zao, wakasogea nyumba inayofuata.

Mama mkwe alikuwa amejiandaa. Alikuwa amehamishia vyombo uani, amefunika kabati kwa shuka, amevaa kitenge cha kutokea. Alikaa barazani mikono magotini. Mafundi wakafika mbele ya ukuta wake, wakautazama, wakaitikia salamu yake kwa adabu, wakapita.

Akawaacha wapite hatua chache. Kisha akaita, "Wanangu, mmeniruka."

Mkubwa wao akaonyesha ukuta kwa kidevu. Mama akainuka, akauzunguka, akauona. Msafi. Kwa mbali tu, X ya waridi, ikimtazama.

Kilichofuata kilikuwa uchunguzi ambao polisi wa mji huu wangejifunza mengi kwake. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, akazima mashine mwenyewe, ukutani, na mteja akiwa katikati ya kunyolewa.

"Nani alifuta?"

"Mama, mimi nashuku kwa mdomo tu. Mkono wangu uko kwenye nywele za watu tangu asubuhi."

"Ulisema maduara yanaonekana angani."

"Nilisema. Lakini la kwako nililiacha lionekane."

"Nionyeshe vidole."

Kinyozi akaonyesha vidole. Mteja naye, bila kuombwa, akaonyesha vyake. Fundi cherehani akaitwa, akaonyesha vyake vyenye matundu ya sindano. Wapangaji wa uani wakaonyesha. Kwa muda, mtaa mzima ulikuwa umenyoosha mikono kama darasa linalojua jibu.

Mwenye vidole vya kijani alikuwa mmoja tu, na kwake haikuwa ushahidi. Eksi ni kijani kuanzia kucha hadi kope. Alisimama nyuma ya umati na, kwa sauti iliyojaa busara, akasema, "Mama, mwache kinyozi. Huyu kinyozi ni mtu mwema."

Mke wake, aliyekuwa amemletea mama yake chakula, akageuka taratibu.

"Baba watoto," akasema. "Tangu lini ukamtetea kinyozi?"

Eksi akaanza kujifuta vidole kwenye ovaroli.

"Mwaka mzima unamwita kinyozi mzushi. Leo ni mtu mwema?"

Kinyozi mwenyewe alionekana kuguswa, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi naye. Mama mkwe alimtazama mkwe wake kwa muda ambao Eksi anasema ulitosha mtu kuzaliwa, kusoma na kustaafu. Kisha akaondoka. Eksi akamfuata, kwa umbali wa heshima.

Barazani, alimwambia ukweli. Habari ya turubai, habari ya paa za zamani, habari ya ngazi alizoshika.

"Niliogopa, mama."

"Mimi sikuogopa?"

"Uliogopa."

"Nikamwita yule mama, nikamkalisha chini ya tundu, nikamwuliza niliyoyaogopa. Wewe ulimwuliza nani?"

"Hakuna, mama."

"Nakuuliza kitu kimoja, mume wa mwanangu," mama mkwe akasema, na wote waliokuwa wanasikiliza bila kusikiliza wanakubaliana kwamba hakupandisha sauti. "Ulikuja hapa na X, ukachora, hukuniuliza. Leo umekuja na kitambaa, ukafuta, hukuniuliza. Siku ile ulitumwa na mji. Leo umetumwa na mapenzi. Sawa. Ukuta ni wa nani?"

"Wako, mama."

"Haya. Nenda kamwambie mama wa buti."

Eksi alikwenda. Katika kazi zake zote, anasema, hakuna ngazi aliyoipanda ikawa ndefu kama zile ngazi tatu za ofisi ya shirika. Alijua anaweza kurudi bila kibarua. Alikuwa amefuta alama ya mtu mwingine, kitu kimoja ambacho shirika liliwakataza wafanyakazi wake wote.

Mhandisi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakulitegemea.

"Umefuta mangapi?"

"Hilo tu."

"Nikuamini?"

Eksi akafikiri. "Mimi nisingeamini," akasema.

Mhandisi anasema jibu hilo ndilo lililomwokoa, pamoja na ukweli kwamba hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kukoroga ile chokaa isigande. Akamkata kibarua cha wiki. Kuhusu nyumba, akasema hawezi kumruhusu aichore tena. Alama iliyofutwa inahesabiwa kuwa mwenye nyumba amekataa, na shirika halirudi mlangoni kubembeleza. Kitu pekee kinachoweza kuirudisha ni mkono wa mwenye nyumba mwenyewe, na lazima iwe kabla lori halijaondoka Ijumaa.

Alhamisi asubuhi mama mkwe alitoka na kitenge kilekile. Eksi alimnyooshea brashi. Hakuipokea. Akamsubiri mhandisi aichukue kutoka kwa Eksi na kumpa yeye, ndipo akaishika.

"Hajawahi kushika brashi," mke wa Eksi anasema. "Aliishika kama mwiko."

"Mama, anza juu," Eksi akamwelekeza.

"Wewe shika kopo."

Akashika kopo.

Mama mkwe akaanza chini. Akapandisha mkono polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, akapita juu ya mguu mmoja wa X, akapita juu ya wa pili, akashuka. Chokaa ikamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Ncha mbili za duara hazikukutana, akarudi akaziunganisha kwa nguvu, kama anayefunga gunia. Alipomaliza, akarudi nyuma kuangalia.

"Ni yai," kinyozi akasema kutoka ng'ambo.

"Ni langu," mama mkwe akamjibu.

Mafundi walikuwa juu ya paa kabla chokaa haijakauka. Mama hakuondoka chini ya ngazi siku nzima. Kila bati la zamani lililoshuka alilihesabia bati jipya lililopanda, na fundi mmoja alipotaka kuteremka kwenda kunywa maji, aliambiwa maji yatapanda. Jioni nyumba ilikuwa imefunikwa, misumari na kofia zake za mpira, mfereji wa maji ya mvua pembeni.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki iliyofuata. Mama mkwe alichukua kile kiti kizuri, akakiweka palepale alipomkalisha mhandisi, akakaa mwenyewe. Akainua uso, akasubiri tone. Mvua ilipiga karibu saa nzima na yeye hakupepesa.

Alipoulizwa baadaye, alitoa taarifa yake. "Halikuja. Lakini mvua yenyewe ilikuwa ndogo."

Kitanda amekirudisha katikati ya chumba. Hilo alilifanya bila kumwambia mtu. Ni mpangaji wa uani aliyemwona.

Kwa Eksi, kazi imebadilika, na ni yeye aliyeomba ibadilike. Katika mtaa wa pili hachori tena. Anakoroga chokaa, anabeba kopo, anabisha hodi, anasalimia, anaeleza ndoano ilipo kabla ya kueleza bati, kisha anamnyooshea mwenye nyumba brashi. Mhandisi alisitasita, akihofia maumbo. Hofu yake ilikuwa na msingi. Mtaa wa pili una mayai, viazi, kiatu kimoja, na kitu ambacho mwenye nyumba anashikilia kuwa ni duara na hakuna anayethubutu kubishana naye.

Lakini mpaka sasa aliyefuta ni mmoja, na alifuta ili alichore vizuri zaidi.

"Mtu akichorewa, anaangalia mchoraji," Eksi anasema. "Akichora mwenyewe, anaangalia ukuta."

Je, sasa analiamini shirika?

Anaangalia nyuma kwanza. "Nawaangalia," anasema. "Nimepunguza kuwakwangua plasta."

Mpango wake mkubwa uko mwisho wa mtaa, kwenye lile jengo la vyumba vya kupanga. Linapakwa rangi ya mwisho, na Eksi ndiye anayepaka. Mke wake amepeleka majina yao. Wakichaguliwa, watapata vyumba viwili na jiko, kwa kodi itakayochukua robo tu ya kipato chake badala ya nusu, na mkataba unaosema kwamba haipandi kwa sababu ya shati. Majibu yanatoka kabla ya shule kufunguliwa.

Ameshaugonga kila ukuta wa jengo hilo kusikia kama una uwazi ndani. Amefungua kila bomba. Amelala sakafuni katika chumba cha ghorofa ya pili, mchana, dakika chache, ili aone dari inavyomtazama.

"Pazuri," anasema, na anatamka neno hilo kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua. "Watoto watakuwa na mlango wao wa kufunga. Tukipewa, nakwenda dukani siku hiyohiyo nanunua shati, navaa, napita mbele ya kila mtu."

"Na ufunguo?" mke wake anauliza, akimfuta chokaa sikioni kwa pembe ya kanga.

"Utakaa na wewe."

"Kwa nini mimi?"

Eksi anachovya brashi, anaikung'uta kwenye ukingo wa kopo, anaurudia ukuta.

"Wewe nimeshakuchunguza miaka yote hii, sijakukuta na kosa," anasema. "Mimi mwenyewe bado najichunguza."